Kaseti ya Bofu na CD ya Ukutani

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Najua humo ndani mna sauti na picha za watu chungu nzima, na mnadhani zitakaa humo milele kwa kuwa tu mliziweka. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, nikatolewa shule nikalee wadogo zangu, kwa hiyo sitawafundisha kompyuta. Wapo wa kufundisha. Nitawaambia niliyoyaona kwa macho yangu mawili: jinsi sauti ya mtu inavyowekwa mahali ikakaa, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokuwa naiua ya mwanangu, polepole, kwa mapenzi.

Kazi yangu ni vikapu. Naishi Timbwani, Likoni, tangu nilipoolewa, lakini miyaa yangu, majani ya mkoma, hutoka kwetu Kinango, nikaichana, nikaianika, nyingine nikaipika na rangi. Nasuka ukili, mkanda mrefu wa miyaa, kisha nauanza katikati ya kitako na kuuzungusha kwenda nje, mzunguko baada ya mzunguko, huku naushona kwa shazia, sindano yetu nene ya chuma. Kikapu kizima ni ukili mmoja. Mnunuzi haoni hilo. Yeye huona kikapu.

Mwanangu wa kiume alikuwa mmoja. Alifanya vibarua bandarini, alipenda utani, na alikufa mtoto wake akiwa hajatimiza miaka miwili. Mama wa mtoto alirudi kwao bara, baadaye akaolewa kwingine, na simlaumu. Mtoto nikabaki naye mimi. Sasa ana miaka kumi na tisa na ananizidi kimo.

Miezi michache kabla hajafa, mwanangu alimpeleka mtoto kanisani akabarikiwe. Kwetu siku hiyo baba humbeba mtoto mbele ya watu, akataja jina lake na kusema neno juu yake. Likishasemwa, mtoto ana kwao. Bwana mmoja wa mtaa wa Bofu aliyekuwa na kamera ya video alikodiwa kupiga picha siku ile, na baadaye tukaletewa CD. Tuliitazama mara moja kwa jirani. Mwanangu alipokufa, nilipigilia msumari ukutani kando ya picha yake, nikaitundika CD kwa tundu lake la katikati, upande unaong'aa ukitazama mlango.

Asubuhi nikifungua mlango jua liliingia likaipiga, na rangi zikatawanyika ukuta wa pili, nyekundu, kijani, zambarau. Nilizoea kusema, haya, ameamka. Kila Krismasi niliishusha, nikaipaka mafuta ya nazi, nikaisugua kwa kitambaa, mviringo, mviringo, mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Miaka kumi na saba nilifanya hivyo. Nilijiona mama mwema sana.

Mwaka huu mjukuu wangu akaposwa. Wakwe walituma neno waulize posa ipelekwe wapi, na ukoo ukakaa nyumbani kwangu kupanga jibu. Ndipo wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, akaweka kikombe chini akasema, "Posa iende kwa mama yake huko bara. Huyu baba yake hata hakumtaja. Alikufa mtoto hana kwao upande huu."

"Alimtaja," nikasema.

"Nani alisikia? Mchungaji yule alishakufa, na waumini wa siku ile wametawanyika. Mimi siku hiyo sikuwepo."

"Na usipokuwepo jambo halifanyiki?"

"Nauliza tu, wifi. Ukoo lazima uulize."

Msichana alikuwa jikoni anamenya viazi na alisikia yote. Watu walipoondoka alikuja akakaa kwenye mkeka, kisu bado mkononi.

"Nyanya, ni kweli baba hakunitaja?"

"Alikutaja. Nilikaa safu ya pili."

"Wewe ni mama yake. Ungesema nini kingine?"

Sikukasirika, maana lilikuwa swali la haki. Nikanyoosha kidole ukutani. Nikamwambia, "Basi usiniamini mimi. Mwamini yeye."

Tukaipeleka CD kwa jirani. Mashine ikaimeza, ikaanza kuzunguka, ikazunguka, ikatulia, ikazunguka tena, kama mgeni anayetafuta choo nyumba ya watu na anaona haya kuuliza. Halafu ikaitema. Tukajaribu mara nne. Wakwe walikuwa wanangoja jibu, na tulikuwa tumepewa wiki mbili.

Nikaulizia fundi. Nikaambiwa yuko mwanamke Chaani, huko Changamwe, mtu wa bara, anayefufua kompyuta zilizokufa. Tukavuka kwa feri, tukapanda gari mpaka Changamwe, tukamkuta katika kibanda cha mabati chenye feni tatu, na hakuna hata moja iliyomwelekea yeye. Zote zilipuliza mashine.

"Shikamoo, shosho."

"Marahaba. Lakini huku hatuna shosho. Mimi ni nyanya."

"Sawa, nyanya. Leta tucheki." Akaichukua CD kwa ncha za vidole, kwenye ukingo, kama mtu anavyoshika chapati ya moto. Akaigeuza. Akainusa. "Hii mmeipikia?"

"Nimeipaka mafuta ya nazi."

"Ya nini?"

"Ing'ae."

"Na ilikuwa inakaa wapi?"

"Ukutani. Asubuhi inapata jua."

"Nyanya, ulikuwa unaianika kama dagaa."

Mjukuu wangu alicheka, mara ya kwanza tangu siku ya kikao, na kwa hilo nikamsamehe fundi papo hapo. Nikavuta kiti. Nikamwambia, kama nimekosa nieleze nilivyokosa, usinifiche kwa sababu ni mzee. Akanieleza, na hapo ndipo nilipoanza kuwastahi watu waliobuni vitu hivi, sijui ni nani na sijui walilala saa ngapi.

Alisema kompyuta haijui maneno, haijui nyimbo wala sura ya mtu. Inajua mambo mawili tu, ndiyo na hapana. Kila kitu huvunjwavunjwa kikawa ndiyo na hapana nyingi mno, zikapangwa kwa zamu. Kwenye CD ya kuchomwa kama ile yangu, chini ya plastiki mna rangi nyembamba sana, na juu yake utando unaong'aa. Mashine ina mwanga mkali wa leza, mwembamba kuliko unywele, na mwanga huo huchoma vidoa kwenye rangi. Palipo na doa mwanga wa kusomea haurudi vizuri, pasipo na doa unarudi. Ndiyo, hapana, ndiyo, ndiyo, hapana. Na vidoa hivyo havikutawanywa ovyo. Vimepangwa kwenye mstari mmoja, unaoanza karibu na tundu la katikati na kuzunguka kwenda nje, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukingoni.

Nikamwambia anyamaze kidogo.

Nikafungua mfuko wangu, nikatoa kitako cha kikapu nilichokuwa nashona ndani ya feri. Ukili mmoja, mwaa mweupe na mwaa uliopikwa rangi, umeanza katikati unakwenda nje. Nikakiweka juu ya meza kando ya CD.

Fundi akavitazama vyote viwili. "Ni hivyo hivyo," akasema. "Ila ukili huu wa CD, ukiunyoosha, unatoka hapa unafika mbali kuliko Mariakani? Hapana, nisikudanganye, si mbali hivyo. Lakini ni kilomita kadhaa."

Kilomita kadhaa za ukili kwenye kitu kinachoingia kwenye kiganja. Mimi kikapu kimoja kikubwa nakifanya siku nne na mgongo unalia. Tangu siku hiyo sijamdharau mtu yeyote anayekaa mbele ya mashine kutwa.

Kisha akanionyesha kosa langu la kusugua mviringo. Mashine, alisema, ina akili ya kufidia. Waliotengeneza CD walijua itachubuka, basi kila kipande cha habari wakakiwekea ziada mahali pengine, ili kidogo kikipotea kijazwe. Ukiifuta kutoka katikati kwenda nje, mchubuko unakata mizunguko mingi, lakini kila mmoja unaukata kidoa tu. Ukisugua mviringo, mchubuko unaufuata mstari wenyewe na kuharibu kipande kirefu mfululizo, na hapo hakuna cha kufidia. Hilo halikuhitaji kurudiwa. Ukichanja kikapu kwa kisu toka kitako kwenda juu, nyuzi mbili tatu zinakatika kila mzunguko na bado kinabeba mihogo. Ukichana ukili kwa urefu wake, hapana kikapu.

Na jua? Jua lilikuwa linapausha ile rangi. Zile rangi nzuri ukutani kwangu kila asubuhi zilikuwa mwanangu anafutika.

Niliomba maji. Nikanywa. Fundi akaiosha CD kwa maji na sabuni ya vyombo, kidogo, akaifuta kwa kitambaa laini toka katikati kwenda nje, akaiweka kwenye mashine aliyosema ni ya kizamani lakini ina subira. Akaiambia isome polepole. Mashine inasoma toka ndani kwenda nje, na nje ndiko nilikochubua zaidi kwa kusugua. Tulikaa toka saa nne mpaka saa nane. Picha ikatoka, inakwamakwama. Kwaya ikaimba. Nikajiona nina kiuno. Mchungaji akafungua kitabu, akafunga kitabu, akasema, "Baba wa mtoto aje mbele." Mwanangu akasimama, akafunga kifungo cha koti.

Hapo ikakata.

Fundi alijaribu mpaka saa kumi. Akatikisa kichwa. "Hapa mbele hamna kitu, nyanya. Sikudanganyi." Mjukuu wangu alikuwa ameweka mkono juu ya kioo cha kompyuta, pale baba yake alipokuwa amesimama.

Nami nikauliza swali la kazi yangu. "Hiki ni kikapu. Ukili wake ulitoka wapi? Hiki kilinakiliwa kutoka kwenye nini?"

Fundi akageuka. "Enzi hizo? Kaseti ya video. Aliyepiga picha yuko hai?"

Yuko hai, na anafuga kuku Bofu. Tulimfikia kesho yake, amevaa msuli na kofia, akatupokea vizuri. Alinikumbuka. Akatoa sanduku la bati chini ya kitanda, kaseti zimefungwa moja moja kwa magazeti, na vifuko vya mchele katikati vya kunyonya unyevu. Mzee huyu hakuambiwa na mtu. Chumvi ya Likoni inakula bati, inakula komeo, inakula mpaka mguu wa cherehani, naye alikuwa amelinda kaseti zake kwa mchele kama mtu analinda mbegu. Nilimpenda kwa hilo.

Lakini alipoishika ile yetu, uso ukamshuka. Kwenye karatasi ya ubavuni palikuwa na maandishi matatu, mawili yamekatwa mstari. Ya kanisani yalikuwa ya pili. Ya tatu, yasiyokatwa, yalikuwa ya harusi.

"Kaseti zilikuwa ghali, mama," akasema. "Tukishanakili kwenye CD tulirekodi juu yake. Mimi nilijua CD mnayo."

"Tulikuwa nayo," nikasema.

"Naona haya."

"Usione. Haya ni yangu. Hiyo harusi ilikuwa ndefu?"

Akafikiri. Kuku mmoja akapanda juu ya sanduku, akamshusha bila kumtazama. "Ilinyesha," akasema. "Harusi ile ilinyeshewa. Watu walikimbia. Sikumbuki kama nilimaliza kaseti."

Tukarudi Chaani na kaseti ndani ya kikapu changu. Fundi hakuitia kwenye mashine mara moja. Aliifungua skrubu tano, akatazama utepe kwa tochi, akapangusa ukungu pembeni, akauzungusha kwa mkono mbele na nyuma usije ukawa umegandana. Wakati anafanya hivyo niliuliza huu nao unashikaje sauti.

"Ni kutu, nyanya."

Nikadhani ananitania.

Hakuwa ananitania. Ule weusi wa utepe ni unga wa kutu ya chuma, uliosagwa laini kuliko poda ya mtoto ukapakwa kwenye plastiki. Kila chembe ni sumaku ndogo. Kinapita kichwa cha mashine chenye sumaku ya umeme, kinazigeuza chembe upande huu au upande ule kulingana na sauti na picha, nazo zinabaki hivyo hivyo zimegeuka, hazisahau, mpaka sumaku nyingine ije izigeuze. Nimepigana na kutu maisha yangu yote. Nimebadilisha mabati mara tatu. Sikujua kuna watu waliomchukua adui yangu wakamfundisha kutunza maneno.

Akanipa na diski ya kompyuta iliyokufa niitazame wakati nangoja. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kama kioo cha saluni, na mkono mdogo wenye ncha. Akasema mambo ni yale yale, chembe za sumaku zinatazama huku au kule, ila hapa ni ndiyo na hapana tupu. Zamani hata hizi zilipakwa kutu, siku hizi ni utando wa madini. Na ile ncha haigusi sahani. Inaelea juu yake, kwa upenyo ambao hata vumbi halipiti, sahani ikizunguka mara elfu nyingi kwa dakika. Ikigusa, imeharibu. Nilitaka kuisogelea vizuri, shazia yangu ikaniponyoka ikaruka yenyewe ikang'ang'ania ndani ya diski, kwenye sumaku ya ule mkono. Niliivuta kwa mikono miwili.

"Nyanya, hiyo sumaku iweke kule," fundi akasema. "Mbali na kaseti. Hapo hapo ulipo ungeweza kumgeuza baba yake upande usiofaa."

Niliiondoa haraka kuliko nilivyowahi kuondoa chungu motoni.

Akaiweka kaseti. Kebo ikatoka kwenye mashine ya video ikaingia kwenye kompyuta, ili kila kitakachoonekana kiandikwe hapo hapo. Ikaja harusi ya watu tusiowajua. Bibi harusi mnene, mzuri. Wapambe wanacheza. Mjukuu wangu hakupepesa macho. Keki ikakatwa, mzee mmoja akaanza hotuba, akaendelea, akaendelea, na mimi nikamwombea mvua. Wingu likaja. Watu wakainua viti vichwani. Kamera ikatazama chini, matope, kiatu cha mtu, na picha ikajaa mistari.

Halafu mwanangu alikuwa amesimama mbele ya kanisa, mtoto mkononi.

Zile hatua zake za kutoka kwenye benchi mpaka pale hazipo popote. CD ilimwacha anafunga kifungo, kaseti ikampokea ameshafika. Sauti ilikuwa inatetema kidogo, lakini ni yeye. Akamnyanyua mtoto watu wamwone.

"Huyu ni wangu," akasema. "Tazameni pua. Mkiwa na shaka na pua, ngojeni alie, kelele ni za mama yangu." Kanisa likacheka. Akangoja watulie, alijua kungoja. "Nimempa jina la mama yangu. Atakayeuliza kwao ni wapi, mwambieni kwao ni Timbwani, na baba yake ndiye aliyesema."

Fundi alisimamisha picha. Mjukuu wangu akasema, "Rudisha." Akarudisha. Mara tatu. Mara ya tatu msichana akanigeukia, macho yamejaa, akasema, "Kumbe kelele zangu ni zako."

"Ndiyo. Na mimi sijawahi kukuomba unirudishie."

Jumapili ukoo ulikaa tena. Kompyuta ya kuazima juu ya meza, wifi yangu kiti cha mbele kabisa, nilimweka mwenyewe. Alisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani, akaipangusa kwa khanga, akasema, "Posa ije hapa." Kisha, kwa sauti ndogo, akaomba asikie tena pale pa pua, kwa sababu pua ile ilikuwa ya kaka yake. Tukamchezea.

Wageni walipoondoka niliwazuia wa nyumbani wasitawanyike, wakubwa kwa wadogo. Fundi alikuwa amenieleza jambo la mwisho nalo sikulipenda: hakuna kati ya hivi kinachodumu chenyewe. Sumaku hulegea, rangi hupauka, mashine ya kusomea huacha kutengenezwa. Kinachodumu ni kile ambacho kuna mtu anakinakili kabla hakijafa. Basi nikawaambia hivi, na naliandika hapa lisije likabishaniwa: Nakala ni tatu. Moja hapa, moja kwa binti yangu Changamwe, moja Kinango. Kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya Pasaka, mtazileta zote tatu mezani, mtazicheza mwanzo mpaka mwisho, na itakayokwama itaandikwa upya siku hiyo hiyo kwenye chombo kipya. Siku hiyo jiko liwashwe, lakini asipakue mtu chakula mpaka kazi hiyo iishe.